Kijana asiyeiona kesho hajadekezwa, anaumwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika majuma machache yaliyopita kwamba wanafunzi wa vyuo wa siku hizi wamedekezwa, kwamba hawana uvumilivu tuliokuwa nao sisi, na kwamba hiyo wanayoiita sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ni jina jipya la uvivu. Sina ugomvi naye. Miaka miwili iliyopita ningeweza kuiandika barua ile mimi mwenyewe, na pengine kwa maneno makali zaidi.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Ipuli hapa Tabora. Nilianza kazi mwaka 1983, nikastaafu mwaka 2020, na sehemu ya kiinua mgongo changu niliitumia kujenga vyumba vinne vya kupangisha nyuma ya nyumba yangu. Wapangaji wangu karibu wote ni wanafunzi, maana mji huu una vyuo vingi kuliko wageni wanavyodhani: kuna cha ualimu, cha ardhi, cha utumishi wa umma, vya afya, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo. Mwenye nyumba huona mambo ambayo mhadhiri hayaoni. Najua nani amepika na nani amelala na njaa, taa ya nani haizimwi usiku kucha, na mlango wa nani haufunguliwi mpaka adhuhuri.

Mlango wa chumba cha tatu ndio ulionifundisha. Kijana aliyekuwa akikaa humo amenipa ruhusa ya kumweleza mradi nisitaje jina lake wala chuo chake. Alitoka wilaya ya Kaliua, mtoto wa mkulima wa tumbaku, akaja kusomea shahada ya ualimu. Mwaka wa kwanza alikuwa mtu wa vicheko, akipika ugali na dagaa wa Kigoma huku redio ikiimba mpaka nimwombe apunguze sauti. Mwaka wa pili alipata sapu mbili, yaani mitihani ya marudio, fedha za mkopo zikachelewa, na tumbaku ya baba yake ikapangwa daraja la chini sokoni. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo geni kwa mwanafunzi wa Tabora. Hata hivyo redio ilinyamaza. Akaacha kupika, akaacha kufua, akawa analala mchana na kukesha usiku. Alikwenda zahanati akilalamika kichwa na maumivu ya mwili mzima. Akaambiwa ni malaria, kisha taifodi, kisha U.T.I., kama ilivyo desturi yetu, na kila mara alirudi na mfuko wa vidonge. Vidonge viliisha, maumivu yakabaki palepale.

Nilimwita chini ya mwembe wangu nikamhutubia. Nasema nilimhutubia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimweleza habari za mwaka 1983, nikamwambia kwamba subira yavuta heri na kwamba baada ya dhiki faraja, nikamtajia watu waliofeli wakaja kuwa wakubwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekuelewa, mwalimu," akarudi chumbani. Tangu siku hiyo akawa anapitia njia ya nyuma ili tusikutane. Nami nikaona ni utovu wa adabu.

Jirani yangu mmoja ni muuguzi mstaafu. Nilipomlalamikia habari za kijana huyo, hakuniuliza kama anahudhuria vipindi wala kama amelipa kodi. Aliniuliza, "Umemuuliza anatazamia nini Jumapili?" Nilicheka. Akaniambia nisicheke, niende nikamuulize mambo matatu: wiki ijayo unatazamia jambo gani jema, mwaka ujao jambo gani, na miaka mitano ijayo jambo gani.

Nilianza na mpangaji wa chumba cha kwanza, binti wa mwaka wa tatu ambaye alikuwa akilia mara kwa mara kwa hofu ya kukosa ajira, nikidhani kwamba kama kuna mgonjwa katika uwanja wangu basi ni yeye. Alinijibu bila kusita: Jumapili anakwenda Urambo kwa shangazi yake ambaye amejifungua, mwakani anataka kununua cherehani ili ashone sare za shule akisubiri ajira, na baada ya miaka mitano awe na watoto wawili, "lakini si watatu, mwalimu." Kisha akaendelea kuorodhesha yale anayoyaogopa, nayo yalikuwa mengi. Kijana wa chumba cha tatu alinyamaza kwa muda mrefu sana, akiangalia vidole vyake. Kisha akasema, "Hakuna." Nikamuuliza Jumapili tu. Hakuna. Likizo? Hakuna. Mahafali? Akatikisa kichwa kama mtu aliyeulizwa habari za nchi asiyoijua.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimechanganya mambo mawili. Binti yule alikuwa na hofu ya kesho, na mwenye hofu bado ana kesho ya kuiogopa. Kijana huyu hakuwa nayo. Baadaye mwanangu aliyeko Dodoma alinichapishia makala za wataalamu, nikakuta kwamba jambo hili limechunguzwa kwa namna ileile ya jirani yangu. Mtafiti wa Uingereza aitwaye Andrew MacLeod, pamoja na wenzake, katika miaka ya 1990 waliwaomba watu wataje mambo mema na mabaya wanayoyatazamia katika wiki ijayo, mwaka ujao na miaka mitano hadi kumi ijayo, wakahesabu majibu. Watu waliokuwa wamejaribu kujiua hawakutofautiana na wengine kwa wingi wa mabaya waliyoyataja. Walitofautiana kwa uchache wa mema. Tunamtazama mwanafunzi tukitafuta dalili za hofu na machozi, ilhali dalili iliyo nzito zaidi ni ule ukimya baada ya swali la Jumapili.

Daktari wa akili wa Marekani, Aaron Beck, aliyefariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 100, alieleza kwamba mawazo ya mwenye sonona huharibika katika pande tatu: anavyojiona mwenyewe, anavyouona ulimwengu unaomzunguka, na anavyoiona kesho. Mwaka 1974 yeye na wenzake walichapisha kipimo cha kukata tamaa chenye sentensi 20 ambazo mtu huzijibu kwa kweli au si kweli. Mwaka 1985 walitoa matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka mitano hadi kumi wagonjwa 207 waliokuwa wamelazwa wakiwa na mawazo ya kujiua, wakaonyesha kwamba kukata tamaa kulibashiri vifo vya baadaye vya kujiua vizuri zaidi kuliko uzito wa sonona yenyewe. Nilipolisoma hilo niliiweka karatasi chini nikatoka nje kidogo. Nilikuwa nimekaa uso kwa uso na mtu aliyekata tamaa chini ya mwembe wangu, nikamjibu kwa methali.

Na methali zenyewe sizilaumu. Lakini faraja zetu nyingi hudai kwamba anayezisikia tayari anaiamini kesho: heri itakuja, faraja itafuata, usiku utakucha. Kwa mtu asiyeiona kesho, maneno hayo ni kama kumwahidi mdai wako kwamba utamlipa kwa noti ambayo haijachapishwa. Kijana wangu aliniambia baadaye kwamba kila nilipotaja mtu aliyefeli akafaulu, yeye aliongeza ushahidi mmoja dhidi yake mwenyewe, kwamba wenzake waliweza na yeye hawezi. Sapu mbili, ambazo kwa binti wa chumba cha kwanza zingekuwa sapu mbili tu, kwake zilikuwa tayari zimegeuka hukumu juu ya maisha yote: hakusema kwamba amefeli masomo mawili, alisema kwamba yeye ni mtu wa kufeli.

Msomaji mwenzangu anaweza kusema kwamba hofu ya vijana ina msingi. Naam, inao, na ni unafiki kwetu wazee kujifanya hatujui. Nilipomaliza chuo cha ualimu, barua ya kupangiwa kituo ilinifikia kabla sijamaliza kupumzika nyumbani. Leo mhitimu wa ualimu huomba kupitia mtandao, husubiri miaka, na wengi hufundisha kwa kujitolea wakipewa posho inayochangwa na wazazi. Aliyekopeshwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu anajua kwamba siku atakapoajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara. Kijana wangu alilisema jambo hilo kwa ufupi ulionichoma: "Nadaiwa mshahara ambao sitaupata." Lakini binti wa chumba cha kwanza anasoma matangazo yaleyale ya ajira, na anadaiwa na Bodi ileile. Ugumu wa maisha ni wa wote wawili. Mmoja wao ana ugonjwa juu yake. Tukiuita ugonjwa ugumu wa maisha, tutasubiri uchumi ukue ndipo mtoto apone.

Jirani yangu alinipa kazi ya pili, nayo ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Aliniagiza nimuulize kijana, kwa maneno ya wazi, kama amefikiria kujiua. Nilikataa. Tumelelewa tukiamini kwamba kulitaja jambo ni kuliita. Akaniambia kwamba katika miaka yake yote wodini hakuona swali hilo likimtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo, bali aliona watu wakipumua kwa mara ya kwanza kwa sababu mtu mmoja amethubutu kuuliza. Na tafiti nilizozisoma baadaye zinakubaliana naye. Nilirudi jioni ile nikamuuliza. Alisema ndiyo, akalia kwa sauti. Usiku huo alilala sebuleni kwangu, mimi nikakaa kwenye kiti, na kulipopambazuka tukapanda bajaji kwenda hospitali ya mkoa.

Pale aliulizwa maswali tisa kuhusu majuma mawili yaliyopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, furaha katika mambo aliyoyapenda, kujiona hafai, umakini, na mengineyo, na la mwisho ni lile nililoliogopa. Kila jibu lina alama sifuri hadi tatu, na jumla huonyesha uzito wa hali. Kumbe sonona hupimika kwa karatasi moja na kwa muda usiozidi wa kupima malaria. Alipewa dawa na tarehe za kurudi kuzungumza na mtaalamu. Tulionywa kwamba dawa hizo hazitulizi kesho yake kama vidonge vya kichwa. Huchukua majuma mawili hadi manne, wakati mwingine zaidi, na kosa la wengi ni kuziacha katika juma la kwanza wakisema hazifanyi kazi. Baba yake alipofika kutoka Kaliua alitaka kwanza kumpeleka kwa mganga. Hatukubishana sana, tulikubaliana kwamba popote atakapopelekwa, dawa za hospitali zisikatwe.

Kilichonishangaza katika yale mazungumzo ya matibabu ni udogo wa mambo aliyoagizwa. Hakuambiwa apange maisha yake. Aliambiwa aoge kabla ya saa tatu asubuhi, apike mara moja kwa siku, atembee mpaka stesheni na kurudi, na aandike alivyojisikia kabla na baada. Tena aliulizwa habari za zamani, lakini si kwa ujumla. Mtafiti mwingine wa Uingereza, Mark Williams, alionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba watu waliokata tamaa hukumbuka maisha yao kwa ujumla tu, "nilikuwa nafurahi nyumbani," bila siku, bila mahali, bila uso wa mtu. Na kwa kuwa kesho tunaijenga kichwani kwa matofali ya kumbukumbu, aliyekosa matofali hana cha kujengea. Basi kijana akasaidiwa kuikumbuka siku moja tu: siku alipopanda na kaka yake kurina asali katika msitu wa miombo, moshi ukawaingia machoni, wakala masega mpaka wakaugua tumbo. Aliponisimulia siku hiyo alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka kwa miezi saba.

Sasa nirudi kwa vyuo, maana ndiko hasa ninakotaka barua hii ifike. Wakati wa mkasa huu nilikwenda katika chuo kimoja, ambacho sitakitaja, kuulizia huduma ya ushauri nasaha. Nilipokewa kwa heshima. Lakini niligundua kwamba mshauri wa wanafunzi ndiye huyohuyo anayeketi katika kamati ya nidhamu na kuandika barua za kusimamishwa masomo. Mlango wake uko katika ukumbi wa utawala, mkabala na foleni ya wanaofuatilia mikopo, hivyo kila aingiaye huonekana na watu mia. Nilipowauliza wapangaji wangu, mmoja alisema, "Ukiingia pale, unatoka na jina." Jina lenyewe wote tunalijua, hapa kwetu mtu akisema anahitaji daktari wa akili, utani wa kwanza ni Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Naomba vyuo vitenganishe kofia hizo mbili, na mshauri apewe chumba karibu na zahanati ya chuo, ambako mtu huweza kuingia na kudhaniwa ana mafua.

Ninalo ombi jingine, dogo lakini nililifikiria sana. Matokeo ya mitihani siku hizi hutolewa kwenye mtandao, na mara nyingi mwanafunzi huyaona akiwa peke yake chumbani, usiku, simu mkononi, tena likizoni wakati wenzake wameondoka. Kijana wangu aliziona sapu zake Ijumaa usiku. Ofisi zilifunguliwa Jumatatu. Kwa siku mbili na nusu hakukuwa na mtu hata mmoja wa kumweleza kwamba sapu ni mtihani wa marudio na si kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Je, ni gharama gani kuyatoa matokeo Jumatatu asubuhi, pamoja na maelezo ya taratibu za marudio na namba ya ofisi ya mshauri?

Najua nitajibiwa kwamba wataalamu hawatoshi, na ni kweli. Zimbabwe nako hawakutosha. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mjini Harare kuwafundisha bibi wa mitaani kuketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, kuwasikiliza na kuwasaidia kuchagua tatizo moja la kulitafutia ufumbuzi. Wenyewe huuita ugonjwa huu kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, karibu sawa na sisi tunaposema fulani ana mawazo. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita walioketi na bibi hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma za kawaida. Tabora ina wastaafu wengi wenye muda, walimu na wauguzi, na miembe yetu ilikuwa ikitoa kivuli tangu enzi za misafara. Ila mafunzo ni sharti. Mimi nilikuwa na mwembe na nilikuwa na muda, na bado nilimharibia kijana wa watu kwa hotuba.

Liko pia jambo la sheria, ambalo nawaachia wanasheria walijadili katika kurasa hizi: Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Sijui mzazi gani, mtoto wake akiokolewa usiku wa manane, atamweleza daktari ukweli wote huku akimfikiria polisi.

Kijana wa chumba cha tatu alirudia mitihani yake miwili akafaulu mmoja kwa alama nzuri na mwingine kwa alama za kupita tu. Bado anahudhuria kliniki. Amekuwa na majuma mabaya mawili tangu wakati huo, na katika yote mawili alinigongea dirisha. Mwezi uliopita, kabla hajaondoka kwenda Sikonge kwa mazoezi ya kufundisha, nilimuuliza tena yale maswali matatu, safari hii yeye akiwa anapika na mimi nimesimama mlangoni. Kwa wiki ijayo alitaja mambo manne, mojawapo likiwa ni kununua betri za redio. Kwa mwaka ujao alitaja mawili. Nilipofika kwenye miaka mitano alikoroga ugali kwanza, kisha akasema, "Hapo bado, mwalimu." Nikamwambia haya, nikaenda kumtafutia ndoo ya kusafirishia vyombo vyake.

Wako,

Mwalimu mstaafu,
Ipuli, Tabora.